Saa Hiyo ni ya Wapi?

Leo nina ugomvi. Naomba nisikilizwe mpaka mwisho, halafu anayetaka kunirushia mawe arushe.

Ugomvi wangu si na serikali wala na wazee, ambao sisi vijana ndio tumezoea kuwabebesha kila lawama. Ni na washikaji zangu mwenyewe, vijana wa mjini tunaoandika programu za kompyuta na za simu. Tunakesha, tunakunywa kahawa kwa kashata, tunajiita wataalamu, tunawacheka baba zetu wanaoshindwa kufungua ujumbe kwenye simu. Na mimi nasema: hatujui kuandika saa. Ndiyo, saa! Saa na tarehe, vitu ambavyo mtoto anafundishwa akiwa bado hajaota meno ya pili, sisi na vyeti vyetu tunaviharibu kila siku, na watu wanaumia.

Najua wapo watakaosema gazeti hili ni la hadithi na mashairi, mambo ya programu yapelekwe kwingine. Sikubali. Programu ni maandishi. Mtu anakaa, anafikiri, anaandika mstari, anaufuta, anauandika tena. Tofauti ni moja tu: hadithi mbovu msomaji ataitupa chini ya kitanda, lakini programu mbovu inasomwa na mashine isiyojua kutupa. Inauchukua upuuzi wako na kuutekeleza neno kwa neno. Mwandishi wa hadithi akiandika "walikutana saa mbili", mhariri atampigia mstari mwekundu: saa mbili asubuhi au usiku? Ya siku gani? Mwandishi wa programu akiandika vivyo hivyo hakuna wa kumuuliza. Basi leo nauliza mimi.

Na nianze na kosa langu mwenyewe, maana mficha uchi hazai.

Miaka michache iliyopita mimi na mshikaji wangu mmoja tulipata dili. Kliniki moja ya binafsi hapa hapa Dar es Salaam, jina silitaji, ilitaka programu ya kuwapa wagonjwa miadi. Mgonjwa anapiga simu, mpokezi anaandika jina, tarehe na saa, anabonyeza, na papo hapo ujumbe unaingia kwenye simu ya mgonjwa: fika kliniki siku fulani, saa fulani. Kazi ya wiki mbili, malipo mazuri. Tukaona tumeula.

Mshikaji alishika upande wa kutunza kumbukumbu, mimi nikashika upande wa kuandika na kutuma ujumbe. Seva tulikodi, iko Ulaya, na saa yake imewekwa kwenye UTC, yaani ile saa ya pamoja ya dunia ambayo sisi wa Afrika Mashariki tumeitangulia kwa saa tatu. Hilo nililijua. Nani asiyelijua? Kijiweni dawa yake ni moja, inarithishwa kama hirizi: jumlisha tatu. Nikajumlisha tatu.

Nisichojua ni kwamba mshikaji naye, upande wake, alishaweka chombo cha kubadilisha saa ya dunia kuwa saa ya Dar es Salaam. Kwa hiyo naye alishajumlisha tatu. Na juu ya hayo yote, mpokezi alipoandika 8:00 alikuwa anaandika saa ya Dar es Salaam tangu mwanzo! Ilikuwa saa ya hapa hapa, ya ukutani kwake. Hapakuwa na haja ya mtu yeyote kujumlisha chochote. Matokeo yake 8:00 ikawa 11:00 mikononi mwa mshikaji, na 11:00 ikawa 14:00 mikononi mwangu. Saa sita zimeongezeka toka hewani.

Sasa sikiliza kituko. Mimi niliona tarakimu 14 itawachanganya wazee, nikaiambia programu ihesabu mpaka kumi na mbili tu kisha ianze upya, na sikutaja kama ni asubuhi, mchana au usiku. Kwa hiyo 14:00 ilitoka ikiwa 2:00. Siku ya majaribio mpokezi akaandika 8:00, akabonyeza, simu ikalia: "Fika kliniki saa 2:00." Tukatazamana. Saa mbili! Safi kabisa! Mimi nikadhani mshikaji ndiye aliyeibadilisha kuwa saa ya Kiswahili, yeye akadhani ni mimi. Kila mmoja akampongeza mwenzake kimoyomoyo, tukaenda kula chipsi.

Mmeuona mtego? Kati ya saa ya Kizungu na saa ya Kiswahili kuna tofauti ya saa sita, na kosa letu nalo lilikuwa la saa sita. Tarakimu zikalingana. Miadi ya 8:00 ilitoka 2:00, mgonjwa akasoma saa mbili, akafika saa mbili asubuhi. Miadi ya 14:00 ikawa 20:00, ikatoka 8:00, mgonjwa akasoma saa nane, akafika saa nane mchana. Kila mtu alifika kwa wakati. Miezi minne uongo ulivaa kanzu ya ukweli ukatembea mchana kweupe, na sisi tukalipwa na kusifiwa.

Halafu kliniki ikaanzisha zamu ya jioni, Jumanne na Ijumaa, kwa ajili ya watu ambao mchana wako kwenye biashara zao. Zamu ilianza 18:00, yaani saa kumi na mbili jioni. Jumlisha sita uone. Kumi na nane na sita ni ishirini na nne. Siku imekwisha, imeingia ya pili yake. Programu ikaandika: "Fika kliniki Jumatano saa 12:00." Saa kwa macho ni sahihi. Siku siyo.

Mama mmoja muuza samaki, mgonjwa wa kisukari, alikuwa na kidonda mguuni cha kusafishwa. Alifika Jumatano jioni baada ya kufunga meza yake, akakuta geti limefungwa. Mlinzi akamwambia zamu ilikuwa jana. Akarudi Ijumaa, na kidonda kilikuwa kimeshachafuka. Wiki kadhaa baadaye alikatwa kidole cha mguu. Daktari aliniambia kwamba kwa hali ile huenda kidole kingekatwa tu. Huenda. Neno hilo nimelala nalo toka siku ile mpaka leo.

Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Hakunitukana. Alitoa simu yake, ujumbe bado umo, akaniwekea mkononi, akaniuliza: "Mwanangu, saa hiyo mliyoniandikia ilikuwa ya wapi?"

Swali hilo ndilo makala yangu yote. Saa isiyotajiwa mahali si saa, ni tarakimu. Tarakimu mbili na nukta mbili katikati yake. Na mtu asiyejua kuuliza "ya wapi?" asiruhusiwe kuandika programu inayogusa miadi, mishahara, dawa wala tiketi za watu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba swali hilo ni letu! Nani duniani angelijua kuliko sisi? Mswahili anakua na saa mbili kichwani. Tiketi ya basi inasema kuondoka saa 12:00, na hakuna mjinga anayekwenda stendi saa sita usiku. Mtu akikwambia tukutane saa tatu, na wewe unajua amezoea kukaa na wageni, unamuuliza bila aibu: ya Kiswahili au ya Kizungu? Unamuuliza tena: asubuhi au usiku? Hilo ni zoezi tunalolifanya kila siku ya Mungu toka utotoni. Kuna vijana wa nchi nyingine wanafika chuo kikuu ndipo wanaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba tarakimu moja ya saa inaweza kuwa na maana mbili. Sisi tumelinyonya hilo pamoja na maziwa.

Lakini tukikaa kwenye kibodi swali hilo tunaliacha nje, kama viatu mlangoni mwa msikiti. Kwa nini? Nitasema, na mtu asikasirike. Ni aibu. Tumefundishwa kwamba saa ya Kiswahili ni ushamba, ni saa ya sokoni, na kwamba saa ya kompyuta ndiyo saa yenyewe, haina wapi wala nini. Ati saa ya Kiswahili "ina makosa ya saa sita". Makosa gani? Hapa karibu na Ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Watu wakaamua kuanza kuhesabu pale siku inapoanza kweli, jua linapotoka: likishatoka kwa saa moja, ni saa moja. Wahabeshi nao huhesabu hivyo hivyo. Aliyechagua kuanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wakiwa wamelala, ndiye mwenye la kujieleza. Hesabu zote mbili ni makubaliano ya watu, na makubaliano huwa na mahali pake. Hata UTC ni makubaliano. Ukishaelewa hivyo umeshavuka nusu ya mto.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, maana nawasikia wameshaanza kunong'ona.

Wa kwanza anasema: "Kwetu saa hazisogezwi, hayo ni matatizo ya Wazungu na majira yao ya baridi." Bwana wee, wewe si shabiki wa mpira? Mechi ya Uingereza inayoanza 15:00 ya London, mwezi wa nane unaitazama saa kumi na moja jioni, na mwezi wa kumi na mbili unaitazama saa kumi na mbili jioni. Wewe hujasogeza saa yako, lakini wao wamesogeza, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kila mwenye banda la kuonyesha mpira anajua, na ubao wake nje anaubadilisha kwa chaki. Wewe mwenye cheti umeandika "London ongeza tatu", na programu yako inadanganya karibu miezi saba kila mwaka.

Tena Waswahili hatuko ndani ya saa moja. Panda gari Kigoma uende Bujumbura: Kiswahili unakisikia huku na huku, lakini ukivuka mpaka saa imerudi nyuma moja. Kigali ni hivyo hivyo, na Goma, na Bukavu, na Lubumbashi. Ndugu zetu walioko Muscat wametutangulia kwa saa moja. Ukiandika programu ya Kiswahili halafu ukajumlisha tatu, umeamua kwamba mwenzako wa Lubumbashi hayupo duniani.

Na usidhani hata hiyo tatu ilishuka kutoka mbinguni. Ipo orodha ya kanda za saa ambayo kompyuta nyingi duniani zinaitumia. Ilianzishwa Marekani katika miaka ya 1980 na Arthur David Olson, na tangu 2011 inatunzwa chini ya IANA. Humo maeneo mengi yana jina la bara na mji, kama Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam. Isome historia ya Nairobi kwenye orodha hiyo ushangae: kuna kipindi ilikuwa mbele kwa saa mbili na nusu, mwaka 1928 ikawa tatu, 1930 ikarudi mbili na nusu, ilipoingia 1937 ikawa mbili na dakika 45, na ni toka Agosti 1942 ndipo ilipotulia kwenye tatu. Babu zetu waliishi chini ya saa zilizokuwa zikihama kama mpangaji asiyelipa kodi.

Wa pili anasema: "Jumlisha tatu inafanya kazi, mimi naitumia miaka yote." Naam, na mimi ilinifanyia kazi miezi minne. Hebu fanya jaribio. Mtoto amezaliwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai. Seva yako iko kwenye UTC, na kwake ni 22:30 ya tarehe 30 Juni. Ukiichukua tarehe pale pale kwenye seva kabla hujajumlisha hiyo tatu yako, mtoto amezaliwa siku nyingine, mwezi mwingine. Kila usiku, kuanzia saa sita mpaka saa tisa, tarehe ya seva na tarehe ya ukutani kwako hazifanani. Ndiyo saa za wauguzi wa zamu, walinzi, waokaji mikate na madereva wa malori. Wewe umelala, kwa hiyo hujaona kosa.

Wa tatu ndiye hatari zaidi, maana amesoma kidogo. Anasema: "Hifadhi kila kitu kwa UTC, yamekwisha." Hayajakwisha. Umeshika ukweli nusu, na nusu ya ukweli ni kama nusu ya daraja.

Jambo lililokwisha tokea, sawa, lihifadhi kwa UTC. Fedha imetumwa, ujumbe umefika, mlango umefunguliwa: hicho ni kitendo kilichopita, kina nukta yake moja katika wakati, na hakuna serikali itakayokibadilisha. Hapo nakubali mikono miwili.

Lakini miadi ya mbele ni kitu kingine. Miadi ni ahadi, na ahadi imefungwa kwenye saa ya ukutani ya mahali fulani. Tuseme mwezi wa Januari 2021 ulipanga mkutano wa Juba utakaofanyika Machi, 9:00 asubuhi. Juba ilikuwa mbele kwa saa tatu, ukahifadhi 6:00 ya UTC, ukaridhika. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ikarudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Sasa 6:00 yako imekuwa 8:00 ya Juba, na mkutano wako umejihamisha wenyewe bila kumwaga mtu. Au itazame Lebanon, Machi 2023: serikali iliahirisha ghafla kusogeza saa, wengine wakatii, wengine wakakataa, na kwa siku chache nchi moja ikawa na saa mbili mpaka uamuzi ulipobatilishwa. Kwa hiyo miadi ya mbele ihifadhi kama ilivyosemwa: tarehe, saa ya ukutani, na jina la mahali. Jina, siyo tarakimu. Kuandika "+3" ni kumtambulisha mtu kwa shati alilovaa leo. Africa/Juba ni jina lake, na atabaki nalo hata akibadilisha shati.

Tena tarehe ya kuzaliwa siyo saa kabisa! Ni siku kwenye kalenda. Mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2000 amezaliwa siku hiyo hata akihamia Chicago. Lakini sisi tunaichukua tarehe yake, tunaibandika saa sita usiku ya Dar es Salaam bila kumuuliza, halafu tunaipeleka UTC, ambako inafika ikiwa 31 Desemba 1999, 21:00. Tunaikata ile saa tunabakiza tarehe, na kijana amezeeka mwaka mzima katika karatasi. Kesho anakwenda kwenye timu ya vijana wanaambiana umri umepita, anakwenda kuomba kazi majina hayafanani na cheti. Nani kamfanyia hivyo? Wewe, na mstari wako mmoja wa JavaScript.

Na kwa kuwa nimeitaja, JavaScript yenyewe ina vituko vyake ambavyo kila anayeitumia inampasa avijue. Miezi inaihesabu kuanzia sifuri, Januari ni 0 na Desemba ni 11. Ukiipa tarehe tupu, 2024-03-05, inaichukulia kuwa saa sita usiku ya UTC. Ukiipa 2024-03-05T00:00 bila kutaja mahali, inaichukulia kuwa saa sita usiku ya hapo mashine ilipo. Ndugu wawili wa baba mmoja, na hapa kwetu wamepishana kwa saa tatu. Tusiilaumu mashine. Hatukuiambia ni ya wapi, ikakisia.

Mtu asijitetee kwamba vifaa havipo. Java ina vyombo vya maana vya kazi hii tangu toleo la 8 la mwaka 2014, ambavyo vinatenganisha siku ya kalenda, saa ya ukutani na nukta ya wakati, kila kimoja na jina lake. Python imeweka ndani yake chombo cha kusoma orodha ya kanda za saa tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020. Vyombo vipo, bure, mezani. Tunachokosa ni adabu ya kuvitumia. Tunapenda kuandika ile "+3" kwa mkono kwa sababu ni fupi na inatufanya tujione wajanja.

Hata tarehe yenyewe tunaiandika kihuni. Nini maana ya 4/6? Kwetu ni tarehe 4 Juni. Kwa Mmarekani ni mwezi wa nne tarehe 6. Toka mwaka 1988 upo utaratibu wa kimataifa, ISO 8601, unaosema anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na wala haugharimu hata senti. Ndani ya mashine andika hivyo. Kwa binadamu mwandikie jina la mwezi, asikisie.

Sasa na Kiswahili chetu je, kikae wapi? Kikae mwisho, na kikae kwa heshima. Ndani ya programu saa itembee na mahali pake. Ikifika hatua ya mwisho, pale inapokutana na macho ya binadamu, ndipo tuigeuze saa ya Kiswahili, kwa kukusudia, kwa mstari ulioandikwa waziwazi kwamba unafanya kazi hiyo na siyo nyingine. Na tusitoe tarakimu uchi. Lugha yetu ina nguo tele: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Ina hata neno ambalo lingeuokoa mguu wa yule mama. Sisi hatusemi tu "saa sita usiku Jumatano" tukamwacha mtu ajiulize ni usiku upi. Tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano". Wazee waliona kwamba usiku umekaa kati ya siku mbili na unaweza kumpoteza mtu, wakaufunga kwenye asubuhi inayofuata. Kama programu yangu ingelazimishwa kutaja sehemu ya siku, ujumbe ule ungetoka: "Fika saa sita usiku wa kuamkia Jumatano." Nani angekubali kwenda kliniki usiku wa manane? Mpokezi angecheka, mgonjwa angepiga simu, na kosa lingekamatwa siku ya kwanza.

Kosa letu lilijificha kwa sababu moja tu: tuliandika kidogo kuliko tulivyojua. Mimi nilijua ni asubuhi, sikuandika. Mshikaji alijua amebadilisha, hakuandika. Mpokezi alijua ni saa ya Dar es Salaam, na hatukumpa pa kuandika. Watu watatu wenye akili timamu, kila mmoja na ukweli wake mfukoni, na kwenye mstari tukaweka tarakimu tupu.

Tulirudi tukafuta yote. Alichoandika mpokezi sasa kinahifadhiwa pamoja na jina la mahali, hakijumlishwi, hakitolewi. Ujumbe unasema: "Jumanne tarehe 4 Juni, saa 12:00 jioni." Kabla ya kubadilisha chochote tunaijaribu programu kwa mashine iliyowekwa saa ya London, kisha ya Nairobi, kisha ya New York, na lazima itoe jibu lile lile mara zote tatu. Tunaijaribu pia kwa miadi ya jioni, ya usiku wa manane na ya mwisho wa mwezi. Ni kazi ya siku mbili zaidi. Siku mbili! Nikizipima na kile kidole nashindwa kujisamehe.

Wazee walisema wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Siku hizi sisi tunaopigana nao hatuumii. Anaumia muuza samaki aliyefika getini akiwa na ujumbe wetu mkononi.

Nimesema. Kama kuna mshikaji anayeona nimemwonea, kurasa hizi ziko wazi, achukue kalamu anijibu. Ila barua yake aiandike tarehe na saa, na asisahau kuniambia ni ya wapi.